Mbele ya kutosha mali, tupime damu

Wiki tatu sasa, tulikaa ku kilio mu kambi yetu. Mutoto wa myaka 4, na ni wa pili kufa mu nyumba ile ile. Baba yake anatumika mu mugodi, poste ya usiku. Mama yake anauzisha unga ku soko. Sisi wote tulikuwa pale: majirani, wenzake wa kazi, ba mama wa kanisa. Tulileta makala, tulileta maji, tuliimba mupaka asubui. Siku ya tatu wakubwa wa jamaa ya baba walisimama mbele ya watu, wakasema: « Huyu mwanamuke eko na damu mubaya. Kwetu hatuyaonaka ugonjwa ya namna hii. Arudie kwabo. » Na sisi wote tulinyamaza. Kesho yake tuliona mama anapanda taksi, valizi moja ku magoti.

Tunaandika leo juu ya kule kunyamaza kwetu. Hatukunyamaza juu tulikubali. Tulinyamaza juu hatukuwa na maneno ya kujibu. Wakubwa walisema « damu », na neno damu linatisha. Lakini mu sashe ya mama mulikuwa karatasi ya hospitali, ya myaka 2 nyuma, na juu yake herufi mbili: SS. Watu wengi mu kambi waliiona ile karatasi. Hakuna mumoja aliyeisoma vile inapaswa kusomwa. Kama tungelijua kuisoma, tungelijibu pale pale: wazee wetu, hii karatasi inasema kama baba na yeye alitoa.

Basi tujifunze kusoma ile karatasi pamoja, ili ku kilio ingine tusikose tena maneno. Ao, vizuri zaidi, ili kile kilio kingine kisikuwe.

HERUFI MBILI ZINASEMA NINI

SS ni ugonjwa ambao waganga wanaita drepanositoze. Ni ugonjwa wa damu, lakini hauambukie. Hauupate kwa kula mu sahani moja na mugonjwa, wala kwa kuvaa nguo yake, wala kwa mbu. Mutu anazaliwa nao.

Mu damu yetu muko chembe nyekundu, kidogo sana, macho haiwezi kuziona. Kazi yao ni kubeba hewa kutoka mu mapafu na kuipeleka mu mwili muzima. Chembe ya mutu muzima ni ya muviringo na ni laini, inapita hata mu mishipa myembamba sana. Ya mugonjwa wa SS, ikimaliza kutoa hewa, inajikunja na kukauka sawa mundu, ao sawa mwezi muchanga. Wale wanaotumika ku konsantratere wanajua: jiwe moja likikaa mubaya mu mudomo wa tremi, yote ya nyuma inasimama. Ni vile inafanyika mu mishipa. Chembe moja inaziba, ingine zinajaa nyuma yake, na pale ambapo damu haifike, mwili unalia. Ndiyo ile maumivu ya mifupa, ya kifua, ya tumbo, yanayofanya mutoto alie usiku muzima na sisi tunasema « anasumbuliwa ».

Tena, chembe nzuri inaishi karibu siku 120. Ya SS inaishi siku 10 mupaka 20 tu. Mwili unajaribu kutengeneza zingine mbio mbio, haufikie. Ndiyo sababu mutoto anakosa damu, anachoka, macho inakuwa manjano, na mara kwa mara tunakimbia kumutafutia damu ya kumuongezea.

Sasa musikilize hapa, juu hapa ndipo walozi wengi wa uongo wanazaliwa. Mutoto wa SS anazaliwa muzuri kabisa. Ananyonya, anacheka, ananenepa. Kisha, karibu ya miezi 6, mikono na miguu inavimba, homa inaanza. Watu wanaulizana: « Alikuwa muzima, nani alimupitia? Nkambo gani alimubeba ile siku? » Ba ndugu, hakuna mutu aliyemupitia. Mutoto akiwa mu tumbo anatumikisha damu ya namna ingine, damu ya mimba, ambayo haijikunje. Akizaliwa, ile damu ya mimba inamulinda miezi ya kwanza, kisha inapunguka pole pole, na damu yake ya maisha inakamata nafasi. Ugonjwa ulikuwa mule tangu siku ya kwanza, ulikuwa unangoja tu. Nkambo aliyemubeba mutoto ku miezi 6 hakufanya kitu zaidi ya kumubeba.

MAHARAGI MBILI MU KOPO

Ulitoka wapi? Hapa tunaomba baba na mama wafanye kitu kimoja nyumbani, na batoto baangalie.

Kila kitu kinachozaa, mbuzi, kuku, mihindi, mutu, kinapeleka kwa mutoto wake maandishi ya namna ya kujenga mwili. Waganga wanayaita jeni. Kila mutu yuko nayo mara mbili: moja ilitoka kwa baba, moja ilitoka kwa mama. Juu ya damu tunayosema hapa, andiko nzuri linaitwa A, na lile lenye kosa linaitwa S. Kosa lenyewe ni dogo sana, sawa herufi moja iliyobadilishwa mu kitabu kikubwa.

Mukamate kopo mbili za maziwa, tupu. Moja ni baba, moja ni mama. Mu kila kopo muweke maharagi mbili: moja nyeupe, ndiyo A, moja nyekundu, ndiyo S. Mutu wa namna hii ni AS. Hana ugonjwa. Andiko nzuri linatosha kumupatia damu ya kutumika. Anachimba, anacheza mupira, anazaa, anazeeka, bila kujua kama anabeba S.

Sasa mufunge macho. Mutoshe haragi moja mu kopo ya baba, moja mu kopo ya mama, muziweke pamoja. Ile ndiyo mimba: mbegu ya mwanaume inabeba moja tu, yai la mwanamuke linabeba moja tu. Muandike mulichopata, kisha murudishe kila haragi mu kopo yake na muanze tena. Mukifanya mara mingi, mutaona: juu ya mara 4, karibu mara 1 ni nyeupe mbili, ndiyo AA, mutoto hana S kabisa, mara 2 ni nyeupe na nyekundu, ndiyo AS sawa wazazi, mara 1 ni nyekundu mbili, ndiyo SS, mugonjwa.

Muone vizuri kama maharagi yanarudi mu kopo kila mara. Wazazi wengi wanasema: « Munganga alisema mumoja juu ya 4, tumekwisha kuzaa mumoja mugonjwa, basi watatu wanaokuja watakuwa wazima. » Hapana. Kila mimba inaanza mupya, na hatari ile ile. Kuko wazazi AS wawili waliozaa batoto sita wote wazima, na kuko wengine waliozaa SS watatu mufululizo. Si juu wale wa kwanza waliomba zaidi.

Mukibadilisha maharagi, hesabu nayo inabadilika. AA na AS wakioana, hawawezi kuzaa SS, juu kopo moja haina nyekundu. AA na SS, batoto wote watakuwa AS. AS na SS, nusu ni AS, nusu ni SS. Hesabu ya namna hii haikutungwa jana. Mutawa mumoja, Gregor Mendel, mu muji wa Brno, alipanda njegere myaka mingi mu shamba ya monasteri, akahesabu mbegu moja moja, na mu 1866 akatangaza alichoona: kitu kinachofichama mu wazazi kinaweza kurudi mu watoto.

Ndiyo jibu kwa wale wakubwa wanaosema « kwetu hatuyaonaka ». Wana haki, hawakuona. S inaweza kupita kutoka kwa nkambo mupaka kwa mujukuu, vizazi vitatu ao vine, bila mutu hata mumoja kugonjwa, siku zote inapokutana na A. Haionekane mupaka siku inakutana na S mwenzake. Sisi watu wa madini tunapaswa kuelewa ile mbele ya wengine. Mawe mawili yanafanana juu, rangi moja, uzito moja. Ni ku depo, ku mashini ya kupima, ndiyo unajua gani iko na shaba na gani haina. Kwa jiwe tunakubali mashini. Kwa mutoto tunakimbilia kwa anayeota ndoto.

BABA NA YEYE ALITOA

Turudie mu ile nyumba ya kilio. Mutoto alikuwa SS. S mbili. Moja ilitoka kwa mama, ni kweli. Ya pili ilitoka kwa baba, na haiwezi kutoka pengine. Na baba aliipata wapi? Kwa baba yake ao kwa mama yake, maana yake kwa wale wale waliosimama ku kilio na kusema damu ya mwanamuke ni mubaya. Hatuseme vile ili tuwatukane. Hata wao hawakuichagua. Tunasema tu kama karatasi ile haimufukuze mama. Inakalisha watu wawili ku kiti kimoja.

Hii tabia ya kumutwika mwanamuke kila kitu kinachotoka mu tumbo lake, tuko nayo tangu zamani. Mama akizaa binti watano, tunasema « hajue kuzala wanaume », na baba anatafuta bibi wa pili. Lakini kila yai la mwanamuke linabeba kile waganga wanaita X. Ni mbegu ya mwanaume inayobeba X ao Y. Ikibeba Y, ni kijana. Ikibeba X, ni binti. Kama ni kuuliza mutu, tungemuuliza baba; lakini hata baba hachague, sawa vile huchague haragi ukifunga macho. Na wazazi weusi wakizaa mutoto albino, ni kanuni ile ile ya njegere: wote wawili walibeba andiko lililofichama. Hapo tena tunamuangalia mama na jicho mubaya. Mara ngapi tutakosea ku nafasi moja?

S SI LAANA

Wengine watasema: basi ni laana ya kabila yetu. Hapana, na habari yake ni ya kushangaza.

Mu myaka ya 1940, munganga mumoja, E. A. Beet, alitumika mu distrikti ya Balovale, mu inchi ambayo leo ni Zambia, kwa Walunda na Waluvale, ndugu wa Walunda na Waluvale wa kwetu. Mu 1946 aliandika kama watu wanaobeba S walikutwa na vijidudu vya malariya kidogo kuliko wengine. Mu 1954, Anthony Allison, aliyetumika Kenya na Uganda, alionesha ile jambo waziwazi: mutoto AS analindwa na malariya kali, ile inayoua. Ndiyo sababu S ilibakia kwetu: mu inchi zenye mbu mingi, AS walipona na kuzaa, na S ikaendelea nao. Inakutwa pia kwa Wahindi, kwa Waarabu, kwa watu wa Ugiriki na Sicilia, pahali malariya ilitembea. Tunalipa leo bei ya ngao iliyookoa wakambo wetu. Lakini musikosee: AS ndiye analindwa. SS, malariya inamuua mbio.

Na iko mingi namna gani? Ku Kinshasa, waganga walipima watoto wachanga 31.204, na matokeo yalitoka mu 2009: juu ya 100, karibu 17 walikuwa AS, na 1,4 walikuwa SS. Maana yake, mu ile hesabu moja tu, zaidi ya watoto 400 wa SS. Mukihesabu watu wanaoshuka mu basi moja ya wafanyakazi asubui, mutaelewa kama S iko inapanda ile basi kila siku.

Neno moja kwa wale wanaosema ni vumbi ya mugodi ao asidi ya izine iliyoleta SS. Hapana, SS hautoke mu vumbi. Vumbi iko na shauri yake, na ni nguvu: mu 2020, waganga wa Lubumbashi pamoja na wa Louvain walitangaza utafiti ulioonesha kama watoto ambao baba anatumika mu kazi ya madini walikuwa na hatari zaidi ya kuzaliwa na kilema. Ile ni vita ingine, na tunapaswa kuipigana: kunawa, kuacha nguo ya kazi ku kazi, kudai vifaa vya kujikinga. Lakini tusichanganye. Vumbi inadaiwa kwa kampuni. S inatafutwa kwa labo, mbele ya ndoa.

KARATASI MOJA JUU YA LISTE

Sasa tunatoa wazo letu. Kijana akikuja kuposa, jamaa ya binti inamupatia liste: mbuzi, kostime ya baba, vitambaa vya mama, blanketi ya nkambo, sukari, chumvi, feza. Tunajadiliana siku mbili juu ya hesabu ya mbuzi. Tunaomba kuongeza ku ile liste kitu kimoja, na kiwekwe juu, ku mustari wa kwanza: karatasi ya elektroforeze ya kijana na ya binti. Ya wote wawili. Si ya binti peke yake.

Tunaomba jina lile lile, elektroforeze, juu watu wanadanganyika. Karatasi ya grupu ya damu, ile ya O na A na B, haiseme kitu juu ya S. Kuwa « A » mu grupu si kuwa « AA ». Kuko pia egzame ya zamani, ya Emmel, inayoonesha tu kama S iko ao haiko. Haitofautishe AS na SS. Na mutu aliyeongezewa damu miezi mitatu iliyopita angoje kwanza, juu labo itapima damu ya mwenye kumusaidia.

Tunajua watu watajibu nini. Wa kwanza atasema: « Mutu akikuta wote wawili ni AS, na wamekwisha kupendana, mutawaachanisha? » Sisi hatumuachanishe mutu. Mu ndoa ya AS wawili wanaweza kuamua mambo mengi: kuoana na kuzaa wachache, na kila mutoto kupimwa mbio, ao kila mumoja kwenda njia yake. Ni wao wanaamua, wakijua. Lakini ndiyo sababu tunasema pia kama kungoja siku ya mali ni kuchelewa. Pale vijana wanamaliza masomo, moyo haujafungwa bado, ndipo inafaa mutu ajue herufi zake, sawa vile anajua tarehe ya kuzaliwa.

Wa pili atasema: « Mungu ndiye anapanga. » Sisi nasi tunaomba Mungu. Lakini hatushuke mu shimo bila kupima paa kwanza, na hakuna padri wala pasta aliyetuambia kama kupima paa ni kukosa imani.

Wa tatu, huyu tunamuelewa zaidi, anasema: « Nikipimwa nikakutwa AS, mukubwa wa kazi atanifukuza. » AS si ugonjwa. AS anafanya kazi yote. Jambo moja tu alikumbuke, ku jua kali ao ku kazi nzito sana: anywe maji ya kutosha na apumzike, asingoje kiu imushinde. Ile karatasi ni ya mutu mwenyewe na munganga wake. Haipaswi kufika ku biro ya mukapita. Sendika zetu, pale zinajadiliana na kampuni, ziandike ile jambo waziwazi.

Wa ine anasema: « Feza itatoka wapi? » Huyu anasema kweli. Elektroforeze haiko mu kila dispensere, na mushahara unaisha mbele ya mwezi. Hapo si shauri ya jamaa peke yake. Kode ya mine, iliyobadilishwa mu mwezi wa 3 wa 2018, inalazimisha kampuni inayochimba kutosha kila mwaka angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaokaa kandokando ya mugodi. Ile feza tunaona mara mingi inajenga kiyoski na bango kubwa. Wakaaji wanapokaa kuandikana na kampuni ile kaye ya masharti, wadai mashini ya kupima damu ku hospitali ya mutaa, na kila mutoto anayezaliwa pale apimwe tone moja la damu ku kisigino. Mutoto anayejulikana kama ni SS tangu wiki ya kwanza si sawa na mutoto anayejulikana ku kifo cha ndugu yake.

MUTOTO ALIYEKWISHA KUZALIWA

Juu hatuandikie tu wale ambao hawajaoana. Mu nyumba zenu muko watoto wa SS sasa hivi, na tunasikia watu wanasema: « Ule ni wa kufa, musipoteze makuta. » Ni uongo, na ni uongo unaoua.

Mutoto wa SS anayeangaliwa vizuri anasoma, anakomaa, anaoa ao anaolewa. Anapaswa kulala mu mustikere kila usiku. Anapaswa kupata vaksini zote, zaidi ile ya kukinga mapafu, na mu myaka 5 ya kwanza munganga anamupatia penisilini kila siku, juu mikrobu inamukamata mbio. Anywe maji mingi, asilale mu baridi, avae nguo ya moto mu mwezi wa 6 na wa 7, ambapo kwetu baridi inauma. Homa ikipanda, hospitali siku ile ile. Maumivu makali ya kifua, mwili kulegea upande mumoja, tumbo kuvimba gafula upande wa kushoto, hospitali saa ile ile. Si chumba ya maombi kwanza. Maombi yanaweza kumukuta ku kitanda cha hospitali, Mungu anajua njia.

Kuko pia dawa inaitwa idroxiurea. Inarudisha kidogo ile damu ya mimba tuliyosema, ile isiyojikunja. Ilijaribiwa kwa watoto 606 mu inchi 4 za Afrika, na yetu ilikuwa mule: Profesa Léon Tshilolo wa Kinshasa alikuwa mu mustari wa mbele. Matokeo yalitangazwa mu 2019: maumivu yalipunguka, malariya ilipunguka, kuongezewa damu kulipunguka, vifo vilipunguka. Ni dawa ya munganga, na kupima damu mara kwa mara. Si ya kununua ku meza ya soko. Kampuni inayolipia matunzo ya jamaa za wafanyakazi wake iiweke mu liste ya dawa zake. Hakuna sababu mutoto wa mufanyakazi aikose.

Tena jambo moja: wale wenye damu nzima mu kambi, tutoe damu. Mara ngapi tumeona baba anakimbia usiku, anapiga ku milango, anatafuta mutu wa kumutolea mutoto damu, na milango inabakia imefungwa? AS na yeye, munganga atamuambia kama anaweza ao hapana. Lakini tuende tuulize.

TUNAOMBA KITU GANI

Kwa wakubwa wa ile jamaa, na wanatujua, wanajua tunasema nao: ba baba, na heshima yote, mukamate njia, muende mukamurudishe ule mama. Hamukosei peke yenu. Sisi nasi tulikosea, tulikaa ku viti vyenu na kunyamaza. Baba na mama waende ku labo pamoja, siku moja, na wasome karatasi zao pamoja. Kisha waamue juu ya maisha yao.

Na kuko neno la mwisho, ambalo watu wengi ku kilio walisahau. Mu ile nyumba mulibakia mutoto mumoja, binti wa myaka 9, muzima kabisa, wa kwanza mu darasa. Walimubakisha kwa nkambo. Anaweza kuwa AA, anaweza kuwa AS. Hakuna mutu anayejua, juu hakuna mutu aliyemupima. Myaka kumi na kitu inayokuja, kijana atakuja kumuposa. Tutakaa tena ku viti vile vile, tutahesabu mbuzi, tutabishana juu ya kostime. Ile siku, tunaomba kati yetu mumoja asimame mbele ya liste kusomwa na aulize: karatasi ziko wapi, yake na ya kijana?